Risasi ya Tano ya Sigrada

"Risasi iliyobaki haimlizi mtu." Ndivyo baba yenu alivyomwambia shangazi yenu asubuhi hii, aliyekuwa amejifunga kanga kiunoni aende kumtolea jirani maneno ya mpaka wa shamba. Nanyi mmenijia mbio: Babu, ugomvi wa mpaka na risasi vinahusiana wapi? Kaeni basi. Watu wengi hapa Mlowela wanautumia msemo huu bila kujua kwamba ulizaliwa kwa sababu ya fundi cherehani mmoja, na kwamba mimi nilikuwepo, tena kwa aibu yangu. Chanzo chake ni hiki.

Miaka ile nguruwe pori walituzidi nguvu. Mtu analima viazi ekari nzima, akivuna madebe mawili anamshukuru Mungu. Ndipo tukaruhusiwa kuunda klabu ya shabaha. Tulikuwa na bunduki nne zilizotunzwa kituo cha polisi, zikitolewa Jumamosi kwa mazoezi na siku za msako. Mwenyekiti alikuwa Mzee Luhwago, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori. Alitufundisha kila kitu, ila yeye mwenyewe hakuwahi kufyatua mbele yetu hata mara moja. Tulidhani macho yamechoka. Mimi nilikuwa katibu, kijana wa miaka ishirini na mitano, kalamu mfukoni na maneno mengi mdomoni.

Uwanja wetu ulikuwa kwenye bonde dogo. Mpigaji alisimama upande mmoja, na hatua mia moja mbele yake ilikuwepo fremu ya mbao yenye karatasi iliyochorwa duara jeusi. Nyuma ya fremu tulilundika tuta la udongo la kuzuia risasi, na juu ya tuta ilipita njia ya kwenda kijiji cha pili. Siku za mazoezi tuliifunga kwa kamba na kitambaa chekundu.

Kuingia klabu kulikuwa na mtihani mmoja tu: risasi tano mbele ya wanachama wote, kila moja kwa dakika yake. Ukiingiza nne ndani ya duara, unaandikwa. Usipoweza, unarudi baada ya miezi mitatu. Na dakika ikiisha hujapiga, imehesabiwa umekosa.

Siku moja Sigrada Mgaya, fundi wa nguo pale sokoni, alinijia, akanisalimu kwa kilugha chetu.

"Kamwene, katibu. Nimekuja kuandikisha jina."

"La mumeo?"

"Mume wangu yuko kwenye mashamba ya chai, anarudi mara mbili kwa mwaka. Nguruwe hawamsubiri. Andika langu."

Nilicheka. Mzee Luhwago, aliyekuwa akisafisha mtutu pembeni, hakuinua hata kichwa. "Mwandike. Kanuni zetu zinasema mtu mzima mwenye akili timamu. Hazijasema suruali."

Kwa miezi miwili Sigrada alikuja kila Jumamosi. Mzee alimpa bunduki isiyo na risasi, na yeye akaweka kifungo cha shati juu ya mtutu, akawa anavuta kifyatulio polepole mpaka kifungo kikawa hakidondoki. Alirudia mara mia, mara mia mbili. Wenzangu walimwona kama kichekesho. Mimi nilianza kuona mkono usiotikisika, lakini sikusema.

Mtihani wake ukaangukia Juni, wakati wa baridi. Risasi ya kwanza ilipenya ndani ya duara. Ya pili ndani. Ya tatu ilitoka pembeni kidogo, upande wa kulia, nikasikia watu wakiguna. Ya nne ndani. Sasa yote yalibaki kwa ya tano.

Akalenga. Wakati huo huo ukungu ukaanza kumiminika kutoka mlimani, ukalifunika tuta, ukasimama nyuma tu ya fremu kama shuka iliyoanikwa. Karatasi ilionekana vizuri, nyeusi juu ya weupe, pengine vizuri kuliko mwanzo. Tulisubiri mlio. Badala yake tukaona kidole chake kikitoka kwenye kifyatulio.

"Piga, mama!" nilisema, saa mkononi. "Zimebaki sekunde arobaini."

"Sioni nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya karatasi. Tuta silioni."

"Karatasi unaiona?"

"Naiona vizuri sana."

"Si ndiyo unayoipiga!"

"Risasi haiishii kwenye karatasi, katibu. Ikishaitoboa inaendelea na safari yake."

"Njia imefungwa kwa kamba!"

"Na kamba pia siioni."

Dakika ikaisha. Sigrada akaitoa risasi, akaiweka mezani mbele yangu, akaacha bunduki wazi kama alivyofundishwa, akarudi nyuma. Nikaandika: amekosa. Mtu wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, na wengine wakanifuata.

Haukupita muda upepo ukauondoa ukungu. Tuta likaonekana. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na mbuzi. Kamba ilikuwa mahali pake na kitambaa kinapepea. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. "Sigrada, ulimwogopa nani pale? Mzimu?"

Alilitazama tuta lote kwanza. "Sasa naona hakuna mtu. Wakati ule sikuwa naona."

Ndipo Mzee Luhwago aliposimama. Alivua kofia, tukajua kuna jambo.

"Mnaniulizaga kwa nini sipigi," alisema. "Leo nitawaambia. Nilikuwa kazini, porini kule magharibi, asubuhi ya ukungu kama huu. Nilimwona nguruwe ametulia. Nikalenga, nikapiga. Na nilimpata, jamani, sikukosa. Risasi ikamtoboa nguruwe, ikatokea upande wa pili, ikamkuta Ndelwa, mwenzangu, aliyekuwa amezunguka nyuma bila mimi kujua. Tulikuwa tunalala hema moja. Nilimbeba mgongoni mpaka kambini, akafa kabla hatujafika."

Aliikunja kofia mikononi, akaendelea.

"Wakasema ni ajali, nisijilaumu. Lakini ni miaka ishirini na sita nalia kwa risasi iliyotoka. Sijamwona bado mtu anayelia kwa risasi iliyobaki." Akanigeukia. "Katibu, huyu mwanamke amejua leo jambo lililonigharimu mimi rafiki. Futa hilo neno. Mwandike mwanachama."

Nilishika kalamu, uso ukiniwaka. Sigrada akanizuia.

"Usifute, katibu. Nakuheshimu, Mzee, na nisamehe kukupinga. Kanuni niliijua tangu mwanzo. Nilipotoa kidole nilijua nakosa nafasi. Nitarudi baada ya miezi mitatu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Nami nikajifunza kwamba kuna watu hata huruma hawaitaki ikiwa inapinda haki.

Mwezi wa tisa alirudi. Hewa ilikuwa safi, tuta linaonekana mpaka majani yake. Aliingiza nne kati ya tano. Mzee Luhwago alimpigia makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na mwaka uliofuata akampa filimbi ya mkuu wa uwanja. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyefyatua pale bila Sigrada kutazama mbele na nyuma, na kwa miaka yote hiyo hatukumzika wala kumfunga bendeji mtu yeyote.

Maneno ya Mzee yalitoka uwanjani siku ile ile. Yalifika sokoni, yakafika kwenye mabaraza ya usuluhishi, na kila mdomo ukayafupisha kidogo. Mume aliyeinua mkono aliambiwa. Kijana aliyetaka kuacha kazi kwa hasira aliambiwa. Mimi nimejiambia mara nyingi kuliko wote, maana ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Neno nililolimeza kwa hasira bado ninalo, naweza kulisema hata kesho nikiona lafaa. Lile nililolirusha sina namna ya kuliita lirudi.

Risasi iliyobaki, wajukuu zangu, haimlizi mtu.