Pimbi Mshauri na Kinu cha Kiboko

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kinu.
Kinakamua nini?
Kinakamua miwa.
Na anayekunywa?
Si aliyekamua.

Basi nusu mmeshaijua. Nusu iliyobaki kaeni niwape, na wewe uliyeanza kusinzia huko nyuma, mwenzio akufinye.

Alikuwepo Pimbi. Mdogo, mnene kidogo, hana hata mkia wa kujivunia. Kazi yake ilikuwa ushauri. Asali ikipungua kwa Nyuki, anaitwa Pimbi. Kichuguu kikipasuka kwa Mchwa, anaitwa Pimbi. Kiota kikivuja kwa Mnana, anaitwa Pimbi. Na niwaambie ukweli, Pimbi hakujua kutengeneza asali, hakujua kujenga, hakujua kusuka. Alichojua ni kimoja tu: kumuuliza anayefanya kazi, kisha kumpelekea mkubwa wa kazi jibu lile lile kwa maneno mazito. Kila mtu aliridhika, naye Pimbi akala akashiba.

Siku moja akaitwa na Kiboko. Kiboko alikuwa na kinu cha kukamulia miwa, ndani ya boma la magogo na miiba mirefu. Boma hilo alilijenga yeye mwenyewe ili wafanyakazi wasitoroke. Wafanyakazi walikuwa watatu. Ngedere alikata miwa iliyoota humo humo bomani. Bi Punda, mzee wa watu, mguu mmoja unachechemea, alizungusha kinu, kriii, kriii, kriii. Kanga alichuja maji ya miwa na kuyamimina mitungini, chururu, chururu. Na Kiboko? Kiboko alilala kwenye kivuli, domo wazi, chini ya mdomo wa kinu.

"Zamani nilikuwa napata mitungi saba kwa siku," Kiboko akamwambia Pimbi. "Sasa napata minne. Kuna mvivu humu ndani. Nitafutie ni nani, nimtoe nje."

Pimbi akatazama nje. Nje ya lango alikaa Fisi, miguu ameikunja, anasubiri. Kumbe kutolewa kazini kwa Kiboko kulikuwa na maana moja.

"Mimi naona ni yule mchechemeaji," Kiboko akasema. "Lakini nataka litoke kinywani mwa mtaalamu. Na mtaalamu akinikosea, atatoka yeye."

Pimbi alikuwa mtu wa kazi yake, akapiga moyo konde na kuanza kwa kuuliza.

"Ngedere, kazi yako nini?"

"Nakata."

"Na usipokata?"

"Kinu kinatafuna upepo."

"Bi Punda, kazi yako nini?"

"Nazungusha, mwanangu."

"Na usipozungusha?"

"Kinu kinalala."

"Kanga, kazi yako nini?"

"Nachuja."

"Na usipochuja?"

"Watu wanapaliwa."

Kisha akawauliza kwa sauti ndogo, "Na mitungi mitatu imekwenda wapi?"

Wote watatu wakatazama kivulini. Bi Punda akasema, "Yule anaweka mdomo kabla mtungi haujawekwa. Na sisi tuliahidiwa mtungi mmoja kwa siku, tunalamba makapi. Nazungusha kwa miguu yenye njaa, mwanangu. Akinitoa leo, Fisi hatapata hata nyama, atapata mifupa tu."

Pimbi akamhurumia mama yule, roho ikamuuma kweli. Jibu alikuwa nalo. Lakini nani angempelekea Kiboko jibu kama lile na kurudi nyumbani mzima?

Akarudi kivulini na donge la udongo mbichi.

"Mzee," akasema, "kazi ya kitaalamu haianzi bila hadidu za rejea. Yaani tukubaliane kwanza tunatafuta nini na tunafuata utaratibu gani. Hizi hapa: kila anayekula kinuni atapumzika kwa zamu. Akipumzika na maji ya miwa yakapungua, anabaki. Akipumzika na yasipungue, anatoka nje. Tia mguu hapa."

Kiboko akacheka, hoo-ho-ho, akatia mguu. Pu! Alama ikabaki, kubwa kama sinia la pilau. Pimbi akaianika juani mpaka ikakauka.

Siku ya kwanza akapumzika Ngedere. Kinu kikazunguka kitupu, kriii, kriii, hakuna tone. Kiboko akalala na kiu.

Siku ya pili akapumzika Bi Punda. Kimya. Kiboko akainuka kuzungusha mwenyewe, akaenda mizunguko miwili, mpini ukavunjika, kwaa! Akaketi juu ya vipande na kusema mpini ulikuwa mbovu tangu zamani. Ngedere akachonga mwingine.

Siku ya tatu akapumzika Kanga. Kiboko akabugia maji ya miwa yasiyochujwa. Khoh, khoh, khoh! Makapi yakamtokea puani.

Jioni hiyo macho yalikuwa yamemwiva. "We Pimbi. Siku tatu nimekaa na kiu, mpini umevunjika, na mvivu hujampata. Unajua sasa anayetoka ni nani?"

Pimbi alijua. Akalishika lile donge lenye alama.

"Bado mmoja, Mzee. Hadidu zinasema kila anayekula kinuni. Wewe hujapumzika."

Uso wa Kiboko ukalainika. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amechoka.

"Ni kweli," akasema. "Kuwasimamia hawa kunachosha. Wao wamepumzika siku moja moja. Mimi nataka tatu. Kule kinamasini kuna nyasi changa."

"Nne, Mzee. Cheo chako kinaruhusu."

"Nne. Lakini nikiondoka wataniibia miwa."

"Basi tubane lango," Pimbi akasema. "Wewe sema tu, tulibane kiasi gani?"

"Libaneni sana. Apite Kanga, mzigo wa miwa usipite. Pigeni magogo, wekeni miiba. Nikirudi nikute pengo kubwa zaidi ya hapo, mtanitambua."

Akatoka akijitikisa. Fisi akampisha. Na wafanyakazi wakafanya alivyoagiza, hawakupunguza gogo hata moja wala mwiba hata mmoja. Ko, ko, ko, lango likabana.

Asubuhi Pimbi akasema, "Kabla ya kazi, kunyweni." Wakanywa mpaka matumbo yakatulia. Bi Punda akaingia kinuni. Kriii-kriii-kriii-kriii! Hata kuchechemea hakukusikika. Kanga akachuja, chururu, chururu, chururu, na hakuna domo lililowekwa njiani. Jua lilipokaa utosini mitungi saba ilikuwa imejaa. Lilipozama, tisa. Siku ya nne walikosa mitungi, wakajaza hata karai la kuogea.

Kiboko akarudi, amenona kwa nyasi changa. Akaingiza pua langoni. Ncha ya pua ikaingia. Akaingiza kichwa. Kichwa kikakwama, akakichomoa. Akasukuma kwa tumbo, na tumbo la Kiboko ni laini, wasiwadanganye. Miiba ikamwambia arudi.

"Fungueni!"

"Tuliambiwa apite Kanga," Kanga akasema, akapita, akarudi ndani.

Pimbi akapanda juu ya mtungi na jani la mgomba alilokuwa ameandikia hesabu. "Ripoti, Mzee. Amepumzika Ngedere, maji ya miwa yamepotea. Amepumzika Bi Punda, yamepotea. Amepumzika Kanga, yameharibika. Umepumzika wewe, tumekosa mitungi." Akauinua ule udongo mkavu. "Na mguu huu ni wa nani?"

Kiboko akautazama. Ungekuwa wa mwingine angekataa, lakini ni nani mwingine mwenye mguu ule?

"Wangu," akasema.

Nyuma yake Fisi akasimama, akajinyoosha. "Niliambiwa kuna mfanyakazi anatoka leo," akasema. Akamtazama Kiboko mbele, akamtazama nyuma, akapiga hesabu ya siku ngapi za kula. Kiboko hakusubiri jibu la hesabu ile. Akashika njia ya mtoni, gubu, gubu, gubu, Fisi nyuma yake akicheka, na ndiyo maana mpaka leo Kiboko anashinda majini na kutoa pua tu.

Ndani ya boma waliimba mpaka sauti zikakauka. Bi Punda alicheza kwa miguu yote minne, na ule mbovu ndio uliotangulia.

Pimbi akaona mambo ni mazuri. Akatafuta kivuli, akakuta kile cha Kiboko kiko wazi, akaketi. "Nafikiri nibaki hapa," akasema. "Kinu hiki kitahitaji mshauri wa kudumu."

Bi Punda akamsogelea taratibu, kwa heshima zote.

"Kazi yako nini, mwanangu?"

"Nauliza."

"Na usipouliza?"

Pimbi akatazama lango, akaona pengo linamtosha. Akacheka mwenyewe, akabeba mtungi wake mmoja waliompa kwa moyo mweupe, akaenda zake kwa Nyuki, ambako asali ilikuwa imepungua tena. Ripoti yake hakuna aliyeisoma mara ya pili. Jani lile Kanga alifunikia mtungi.

Funzo la ngano hii, wanangu: mheshimuni sana bosi, kwani asipokuwepo, kazi haiendi.

Mtungi wangu umefika chini. Aliyeonja alambe kidole, na ambaye hakuonja akamuulize Kiboko, anajua lango lilipo.