Tende Zilizofungwa Pindoni

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wenye misikiti mingi na visima vichache aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Nusaiba binti Ubaidi. Alikuwa ameihifadhi Kurani yote kifuani, na kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri wanawake wa mji walijaa katika ukumbi wa nyumba yake kusikiliza darsa. Walimwita Mwalimu, hata wale waliompita kwa umri.

Mwalimu Nusaiba alijaaliwa elimu, akajaaliwa heshima, akajaaliwa mume mpole, Sheikh Abdurraufu, aliyekuwa akijalidi misahafu. Kitu kimoja tu alikuwa hajajaaliwa, nacho ni mtoto. Miaka kumi na miwili ilipita kimya. Na kwa kuwa hakuwa na mtoto, alijua kila kitu kuhusu kulea.

"Mtoto habembelezwi, huelekezwa," aliwaambia akina mama. "Wala mtoto hahongwi. Ukimpa tende leo ili anyamaze, kesho atakudai kikapu."

Akaweka sharti: mama ambaye mwanawe atalia ndani ya darsa atatoka naye, na hatarudi mpaka zipite Alhamisi tatu. "Hata angekuwa wangu," alisema. Wanawake wakaitikia kwa vichwa, kwani walimjua kuwa ni mtu wa kweli.

Mtaa wa pili aliishi Bi Hafswa, mwoka mikate, mama wa watoto sita. Alikuwa akihifadhi Suratul-Mulk, amefika katikati. Alhamisi moja mtoto wake wa mwisho, Mikdadi, alikuwa anaota meno, akapiga ukelele katikati ya darsa. Bi Hafswa akamega tende haraka akampaka kwenye ufizi. Mtoto akanyamaza, lakini Mwalimu alikuwa tayari amefunga kitabu.

"Bi Hafswa," alisema mbele ya wote, "ungemlea vizuri, asingekulilia."

Bi Hafswa alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akavaa viatu vyake. Mlangoni aligeuka.

"Mwalimu, Mwenyezi Mungu akujaalie wako."

Hakuna aliyejua kama ile ilikuwa dua au apizo. Alhamisi tatu zikapita, kisha nyingine, na Bi Hafswa hakurudi.

Haukutimia mwaka, Mwalimu Nusaiba akashika mimba. Mji mzima ulisema Alhamdulillahi. Akazaliwa binti, akaitwa Jumana, na Jumana hakuwa amesikia darsa hata moja kuhusu malezi.

Alipokuwa na siku arubaini, Sheikh Abdurraufu aliingia ndani akamkuta mkewe anazunguka chumbani na mtoto begani, huku anamsomea kwa sauti ya chini.

"Mke wangu," alisema taratibu, "mtoto habembelezwi."

"Simbembelezi. Namtikisa tu."

"Aa. Basi mtikise na mimi nilale."

Jino la kwanza lilipochomoza, Mwalimu alimpaka tende kwenye ufizi. Robo tu, alijiambia, ni dawa. Mwezi uliofuata ikawa nusu. Jumana alipoanza kutembea ikawa tende nzima, na baadaye Mwalimu akawa hatoki nyumbani bila tende nne au tano, amezifunga fundo katika pindo la ushungi wake, upande wa ndani, mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Kila alipolifunga fundo lile alimkumbuka Bi Hafswa. Alikuwa akikusudia kwenda kumwomba radhi, lakini aibu ilimshika miguu. Kwenda kwa Bi Hafswa kungekuwa kukiri, na yeye alikuwa Mwalimu.

Siku za darsa Jumana alibaki na baba yake. Lakini Alhamisi moja, alipokuwa amekaribia miaka miwili, Sheikh Abdurraufu alikwenda mji wa jirani kupeleka misahafu. Mwalimu akamketisha binti yake pembeni, akampa kijiko cha mti achezee, akaanza kusoma. Siku hiyo darsa lilikuwa juu ya subira.

Jumana alisubiri kidogo, akakitupa kijiko. Akamwendea mama yake, akaushika ushungi.

"Nde," alisema.

"Nyamaza, mwanangu."

"Nde! Nde!"

Akalia kilio ambacho wanawake wa ukumbi mzima walikijua. Akavuta pindo kwa mikono miwili, fundo likafunguka, na tende tano zikabiringika juu ya mkeka mpaka magotini mwa wanawake wa safu ya mbele. Jumana akanyamaza papo hapo, akaanza kuzikusanya.

Mwalimu alihisi masikio yake yanawaka moto. Ndipo Bibi Kuluthumu, mkongwe wa darsa, akamhurumia. Aliokota tende moja, akaipangusa, akasema kwa upole, "Mwalimu wetu ametuletea sadaka. Mwenyezi Mungu amlipe kheri."

"Amin," wanawake wakaitika upesi, maana kila mmoja alitaka aibu ile ipite.

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angeitika amin tu, jina lake lingebaki lilivyokuwa, na sharti lake lingebaki kwa wengine. Akamtazama Jumana, mashavu yamejaa, utamu unamtiririka kidevuni. Akaona kwamba yeye, anayewafundisha watu ukweli, anaombwa aununue uongo, na bei yake ni tende tano.

"Hapana, Bibi," alisema. "Si sadaka. Ni hongo."

Bibi Kuluthumu akabaki na tende mkononi.

"Namhonga mwanangu kila siku tangu alipoota jino. Pia nambembeleza, nikidai namtikisa tu. Ni mwaka na zaidi nawafundisha nyinyi nisiyoyaweza mimi." Akafunga kitabu. "Na mtoto wangu amelia ndani ya darsa. Sharti mnalijua."

Kicheko kilianzia nyuma, kikabanwa, kisibanike. Hata Bibi Kuluthumu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, utajifukuza kwako mwenyewe? Utakwenda wapi?"

Mwalimu Nusaiba naye akacheka, kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule. Akambeba Jumana mgongoni. "Ninapajua pa kwenda," alisema. "Nimechelewa kufika."

Alimkuta Bi Hafswa uani, mikono imezama katika unga, watoto wamemzunguka. Mikdadi, ambaye sasa alikuwa na miaka minne, alikuwa amening'inia shingoni mwa mama yake kwa nyuma.

"Hodi."

Bi Hafswa aliinua macho. "Karibu, Mwalimu. Leo si Alhamisi?"

"Ni Alhamisi. Nimefukuzwa darsa."

"Nani wa kukufukuza wewe?"

"Mimi. Huyu amelia."

Bi Hafswa alimtazama Jumana, uso umepakaa tende kutoka sikio hadi sikio. Midomo yake ikacheza. "Ungemlea vizuri," alisema, "asingekulilia."

"Nastahili hilo, na zaidi ya hilo," alijibu Mwalimu. "Nilikuvunjia heshima mbele za watu kwa jambo nisilolijua. Naomba uniwie radhi, dada yangu. Na ile dua yako ilipokewa, kama unavyoona."

Bi Hafswa aliacha kukanda.

"Mwalimu, na mimi nikuambie kweli. Siku ile niliomba kwa hasira. Nilitaka ujaaliwe wa kukutoa jasho. Nilipofika nyumbani nikaogopa, nikasema, je, dua ikipokewa na mwiba wake? Nikatawadha, nikairudia. Ujaaliwe, awe mzima, awe furaha ya macho yako. Nikaiomba kila baada ya swala mpaka niliposikia umejifungua."

Mwalimu Nusaiba alikaa chini pale pale kwenye unga, akalia, na Jumana akamtia tende mdomoni ili anyamaze.

Walipokwisha kucheka, Bi Hafswa alirudi kwenye unga wake, na kwa mazoea akaanza kusoma Suratul-Mulk. Alivuka pale alipokuwa ameachia darsani, akaendelea. Karibu na mwisho ulimi wake uliteleza katika aya moja. Mikdadi, bado amening'inia shingoni, akamsahihisha.

"Nani amemfundisha?" Mwalimu aliuliza kwa mshangao.

"Hakuna. Binti yangu mkubwa hunisomea katika msahafu, mimi narudia nikikanda, na huyu hashuki mgongoni."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Aliwahesabu moyoni watoto wote aliowafungia mlango.

Alhamisi tatu alizitimiza uani kwa Bi Hafswa, unga viganjani. Alhamisi ya nne alirudi ukumbini kwake, Bi Hafswa kando yake, na mlangoni vilipangwa viatu vidogo vingi kuliko vikubwa. Akawasomea hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kumwonea huruma mama yake.

"Hadithi hii nimeisoma mara nyingi," alisema, "lakini nilikuwa sijawahi kumsikia huyo mtoto."

Hakumaliza, kwani kichanga kimoja nyuma kilianza kulia, na cha pili kikakijibu. Mwalimu akatabasamu, akafunga kitabu mapema, akalifungua pindo la ushungi mbele ya watu wote.

Ndugu zangu katika imani, ni rahisi kumpimia mwenzako mzigo ambao mgongo wako haujaubeba. Siku Mola atakapokutwisha na wewe, usiufiche ndani ya pindo. Mwendee yule uliyemcheka, ukae naye chini, mcheke pamoja. Na ukimwombea mtu, mwombee bila mwiba.