Pimbi Aliyefukia Dhahabu Yake

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmekula pamba? Paukwa!

Pakawa!

Kaondokea mtoni, beseni kichwani. Kaosha mchanga asubuhi, kaosha mchanga jioni, kaambulia mchanga!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, kale na kale, wanyama wa bonde la Nyamsaga walikuwa na ugonjwa mmoja. Mavuno yakiisha tu, wote walibeba mabeseni wakashuka mtoni kuosha mchanga, kutafuta dhahabu. Msidhani walitajirika. Nyani aliosha miaka minne akapata punje moja, akapiga chafya, ikapotea! Na kesho yake alirudi anaimba. Ilikuwa raha yao, basi.

Lakini mto ule ulikuwa na adabu zake. Ukikuta mwenzio anaosha, kaa chini yake maji yanakoelekea, usimtibulie. Ukiondoka, funika shimo lako kwa beseni kifudifudi. Shimo lililofunikwa lina mwenyewe, halichezewi. Na shimo lililoachwa wazi, yeyote apitaye alifukie, kabla mtu hajavunjika mguu.

Mwenye shimo lililosifika zaidi alikuwa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mfupi, mnene, mkia hana. Wewe wa nyuma usicheke, wako uko wapi?

Bi Pimbi alichimba wiki tatu kwa vidole vyake. Alipita changarawe, akapita udongo, akafika kwenye mchanga mweusi ulio juu ya mwamba, pale dhahabu inapolala. Jioni ile akalifunika shimo kwa beseni lake la bati, akaenda kulala moyo unamdunda. Kesho ndiyo kesho!

Kesho ikafika. Beseni akalikuta limetupwa kwenye matete. Shimoni yumo Ngiri, mgeni wa juzi tu, karai lake jipya linang'aa, pembe nje, matope mpaka masikioni.

"Bwana Ngiri, hujambo," akasema Bi Pimbi. "Hilo shimo ni langu. Nililifunika."

"Ulilifunika na nini?"

"Na beseni."

"Beseni lina meno?"

"Halina."

"Mimi ninayo," akasema Ngiri, akamwonyesha yote. "Nenda kachimbe kwingine, kifupi wewe, kabla sijakukalia."

Bi Pimbi akageuka kuwatazama wenzake. Nyani akawa anahesabu mawingu. Mama Kanga akakumbuka kuwa mgongo unamwasha.

"Sawa," akasema Bi Pimbi. "Lakini siendi popote."

Akaketi juu ya jiwe, akamkodolea macho Ngiri kutwa nzima.

Alasiri Ngiri akachoka, mchanga mweusi hajaugusa bado, maana kutwa alikuwa akipanua shimo litoshe tumbo lake. Karai lake hakuliacha, maana mwizi haamini mtu. Akalivaa kichwani, akaondoka, na shimo akaliacha wazi kama mdomo wa mpiga miayo. Hata hajafika mbali, Mzee Kobe akapita, akatumbukia, pu! Akalala chali humo, miguu minne inapiga hewa.

"Kuna mtu huko juu?" akaita Mzee Kobe. "Mimi siioni njia, naona mbingu tu!"

Bi Pimbi akaingia, akamsukuma, akamtoa. Kisha akasimama ukingoni, akatazama chini. Mchanga mweusi ule pale. Wiki tatu za jasho lake zile pale. Akameza mate.

Akaanza kufukia.

"Mama wee!" akapiga kelele Mama Kanga. "Unafukia dhahabu yako mwenyewe!"

"Naifukia."

"Si uchote kwanza, mwenzangu? Hayupo!"

"Nikichota kwa kunyemelea, nami nimekuwa ngiri, ila sina pembe. Shimo limeachwa wazi. Lililoachwa wazi hufukiwa. Nipishe."

Akafukia mpaka likasawazika. Juu yake akaweka beseni kifudifudi, akaenda zake.

Siku ya pili Ngiri akaja, akalipiga beseni teke, akakuta hakuna shimo. Akanguruma, akachimba upya, mpaka mwamba akaukaribia, jua likamshinda. Akavaa karai, akaondoka, shimo wazi. Bi Pimbi akafukia. Akaweka beseni.

Siku ya tatu Ngiri akaja mbio. Akalipiga beseni teke likaingia mtoni.

"Leo siondoki!" akafoka. "Leo nachimba mpaka niipate, na huyo kifupi atafukia kwato zake mwenyewe!"

"Sina kwato," akasema Bi Pimbi. "Endelea tu."

Ngiri akapiga magoti, akachimba kichwa mbele. Akachimba kwa hasira, akachimba wima kama kisima. Akazama mabega, akazama tumbo, mpaka kikabaki kile kimkia chake kimesimama juu na makalio yamelitazama jua.

Bi Pimbi akateremka kutoka kwenye jiwe lake. Akachota mchanga. Akamwaga.

"Nani huyo?" ikasikika sauti kutoka chini.

"Pimbi. Nafukia."

"Mimi nimo humu!"

"Nakuona. Tena upande wako mzuri. Shimo limefunikwa?"

"Nitalifunikaje nami nimo ndani?"

"Basi liko wazi."

Akamwaga tena. Ngiri akataka kurudi nyuma, shimo ni jembamba, mabega yamekwama. Bi Pimbi akamwaga tena. Alijua Ngiri akichomoka kabla mchanga haujamshika, yeye hatobaki hata nywele. Lakini hakuacha.

Mzee Kobe akaja, akasukuma mchanga kwa kifua. Mama Kanga akatazama huku, akatazama kule, akasema, "Basi na liwe liwalo," akageuza mgongo akaanza kupekua kwa miguu, mchanga unaruka kama mvua. Nyani akaacha mawingu.

"Nisameheni!" Ngiri akalia.

"Kwanza sema," akasema Bi Pimbi. "Siku ile ulikuta nini?"

"Beseni!"

"Limekaaje?"

"Kifudifudi!"

"Paza sauti, Nyani alikuwa mbali siku ile, ingawa alikuwa karibu."

"KIFUDIFUDI! SHIMO NI LA PIMBI!"

Nyani akainamisha uso kwa aibu. Kisha wote wakashika kile kimkia, moja, mbili, tatu, pwa! Ngiri akachomoka, akakimbia, karai hakulikumbuka.

Bi Pimbi akachimba tena mwanzo, safari hii wenzake wanamsaidia kutupa udongo. Akaufikia mchanga mweusi, akauosha polepole. Akapata punje tatu, kila moja ndogo kuliko ufuta. Akacheka mpaka akakaa chini.

Na tangu siku ile ngiri haingii shimoni kichwa mbele. Mtazame hata leo: hufika mlangoni, hugeuka, huingia kinyumenyume, macho yake nje. Anachunga pimbi asije kumfukia!

Funzo ni hili: adabu ya mahali ni ya wote, mwenye pembe na asiye na mkia. Mkubwa akiivunja, usivunje nawe, na usihesabu mawingu. Ishike hiyohiyo, msimamie nayo kichwani.

Mimi nimemaliza, koo limekauka. Aliyecheka aniletee maji, aliyenuna akayachote.