Kiboko Asomea Ukocha wa Maisha

Nigawieni masikio!

Chukua yote!

Hata lile la kusikia msiyoyapenda?

Hilo tumeliacha nyumbani!

Nilijua. Haya, kaeni hivyo hivyo, tutafika.

Paliingia kiangazi, tena si kiangazi cha mchezo. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja lenye njia moja nyembamba ya kushukia. Na pale njia hiyo inapoingia majini, kwa kuwa dunia hii ina haki sana, akalala Kiboko. Anayetaka kunywa alete kwanza mzigo wa majani mabichi. Majani mabichi, kiangazi! Mwenye akili ya namna hiyo hana haja ya kusoma tena, lakini ngojeni.

Juu ya jabali lililoliinamia bwawa aliishi Pimbi, kale kanyama kadogo kasiko na mkia. Aliishi na watoto wake watatu na mama mkwe wake. Majani yao ya mwisho waliyatoa juzi. Leo watoto walikuwa wanalamba mawe, kwaru, kwaru, kwaru, na yule mdogo alikuwa ameacha hata kulia. Pimbi akamtazama, moyo ukamuuma. Akasema, leo nashuka, liwalo na liwe.

Akashuka, tipu tipu tipu.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Usinisumbue, nachagua chuo."

Kumbe Kiboko alikuwa amesikia kwamba huko mbali kuna viumbe wanaitwa makocha wa maisha. Kazi yao ni kukaa na kuwaambia wenzao "unaweza," na wenzao wanawaletea chakula kutoka kila upande.

"Kukaa nimejaliwa," alisema Kiboko. "Kusema nimejaliwa. Kimebaki cheti tu. Ila nataka chuo cha masafa, nisome nikiwa hapa hapa. Nikienda darasani, hawa watanimalizia maji."

"Cha Kasuku umekiona?"

"Siku tatu unamaliza. Nikamwuliza kama kina ithibati, akanijibu ithibati, ithibati, ithibati, mpaka jua likazama."

"Na cha Kobe?"

"Hicho kina ithibati tele. Barua ya kunipokea aliituma mwaka juzi, bado iko njiani."

Pimbi akatupa jicho juu jabalini. Yule mdogo alikuwa amelala ubavu.

"Sasa bwana mkubwa unahangaika nini, na Chuo cha Masafa cha Jabalini kipo? Mwalimu yuko juu, anapaza sauti. Mwanafunzi yuko chini kwenye maji yake, hasogei hata hatua."

"Kina ithibati?"

"Usiniamini mimi. Liulize Baraza la Ithibati, linakaa kule juu."

Kiboko akanyanyua kichwa, akanguruma: "Baraza! Chuo hiki kina ithibati?"

Kisha ikashuka sauti nyembamba: "Kinaaayo!"

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa anasikiliza tangu mwanzo, kama kawaida yake, na hii ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana na mke wa mwanawe kwa jambo lolote.

"Nimejiridhisha," alisema Kiboko. Na ndivyo watu makini wanavyochagua chuo.

Pimbi akapanda jabalini, masomo yakaanza papo hapo.

"Somo la kwanza," alipaza Pimbi kutoka juu. "Kocha hasemi, anasikiliza. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alijibu Kiboko, mdomo umejaa majani, nyamu, nyamu.

"Somo la pili. Kocha hatoi jibu, anauliza. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Nyamu, nyamu.

"Somo la tatu. Kocha hamwamulii mteja. Mteja akishataja hatua yake, kocha anamsaidia kuipiga. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mtihani lini?"

"Sasa hivi, kwa vitendo, mbele ya Baraza."

Pimbi akateremka upande wa pili, akawaendea Nyati sitini waliokuwa wamejilaza kwa kiu. Akawaambia wajipange mmoja nyuma ya mwingine, na wakiulizwa wajibu ukweli mtupu. Kisha akapanda tena jabalini, na Nyati wa kwanza akaja.

"Karibu," alisema Kiboko kwa sauti laini aliyoitoa sijui wapi. "Unajisikiaje?"

"Nina kiu."

"Unataka nini?"

"Maji."

"Na nini kinakuzuia?"

"Wewe."

Kiboko akafungua domo lote, aah! Juu ikasikika sauti ya Pimbi: "Somo la kwanza." Akalifunga.

"Na... ungeanza na hatua gani?"

"Upishe njia."

"Sikiliza wewe, jibu lako..."

"Somo la pili."

Kiboko akalimeza jibu lake.

"Mtahiniwa anakaribia kufeli," alisema mama mkwe, ambaye sasa kazi ilikuwa imemnogea.

Kufeli, na chakula kinamngoja kutoka kila upande? Kiboko akajinyanyua, chwaaa! Akapanda ukingoni, akajitoa njiani kwa heshima. Nyati wa kwanza akapita, pu, pu, pu. Wa pili akapita, pu, pu, pu. Kiboko alipomaliza kumpongeza mteja wake wa kwanza, wote sitini walikuwa ndani. Wakafuata swala, wakafuata ngiri, akafuata Pimbi na watoto wake. Yule mdogo alikunywa mpaka akashikwa na kwikwi. Pimbi akakaa kwenye tope, akalia kwa furaha bila kumwonea mtu haya.

Ukingoni jua linachoma.

"Mwalimu, nimefaulu?"

"Kwa alama za juu kabisa."

"Basi narudi kwenye maji yangu."

Akageuka. Bwawa lote pembe za Nyati, mpaka njiani. Nyati mmoja mmoja aliwaweza, lakini sitini walioshiba maji nani anawaweza?

"Waambie watoke."

"Mimi tena? Kocha hamwamulii mtu. Unajisikiaje?"

"Ngozi inaungua."

"Unataka nini?"

"Maji."

"Ungeanza na hatua gani?"

Kiboko akafikiri. Ilimchukua muda, hakuwa na mazoea. Kisha akasema taratibu, "Jamani, naomba nipite."

Nyati akamtazama juu mpaka chini. "Foleni inaanzia kule."

Akaenda kule, nyuma ya ngiri mmoja bibi kizee, akasimama. Mama mkwe naye akateremka, akanywa, akasema maji yenyewe yana tope.

Mnataka funzo? Mnapenda funzo nyie. Funzo ni kwamba msijiunge na chuo kisicho na ithibati, na ithibati bora ni ile inayotolewa na mama mkwe wa mwenye chuo. La pili, wenye nguvu wasisome, watatuharibia utaratibu.

Nimeishia hapo, na mdomo umekauka. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda atuonyeshe kwanza cheti chake.