Bi Pimbi na Mawe ya Bwawa la Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na bwawa!
Na kando ya bwawa?
Tope!

Haya, hapo penye tope ndipo tunapoanzia. Wewe unayepiga miayo, funga mdomo, nzi asije akaingia kabla ya hadithi.

Basi, Kiboko alikuwa na bwawa lake la kuogelea, kubwa, la kujidai. Tatizo lilikuwa ukingo. Kila mgeni aliyekuja kuoga alitoka amejaa tope mpaka kwapani. Kiboko akaona aibu. Akasema, "Nitazungushia mawe. Mawe ya asili, si mchezo!" Akatazama huku, akatazama kule, jicho likatua kwenye kilima cha mawe cha Bi Pimbi.

Sasa kile kilima ndicho kilichokuwa nyumba yake. Bi Pimbi alizalia watoto watatu kwenye nyufa zake, na tai akipita juu, wote wanaingia humo, fyu! Kilima kikiondoka, watoto ni kitoweo. Bi Pimbi akashuka kwa adabu.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba. Hamisha watoto. Nachukua mawe."

Kiboko na miguu yake iliyolowa akapanda jiwe la kwanza. Kwaru, kwaru. Halitelezi. Akapanda la pili. Kwaru, kwaru. Halitelezi. "Haya ndiyo yenyewe!" akasema.

Bi Pimbi akajiangalia. Nguvu hana, kimo hana, hata mkia hana. Akaona basi, atumie hicho hicho alichokosa.

"Umechagua vizuri, Mkubwa. Hapo uliposimama ndipo ninapojikunia makalio."

Kiboko akasogea.

"Na hapo ndipo marehemu mama alipokuwa akijikunia."

Kiboko akasogea tena.

"Na hilo doa jeupe unalolinusa ni choo chetu. Ukoo mzima, tangu enzi za babu wa babu. Hata mvua haikitoi."

"Lo!" Kiboko akaruka chini. "Nikanyage jiwe la pimbi? Mimi?"

"Hata mimi nilishangaa, Mkubwa. Ningekuwa wewe, ningechukua yale meusi ya mtoni. Laini, yanang'aa, unajiona mpaka masharubu. Lakini mimi najua nini? Pimbi tu."

Kiboko akabeba mawe ya mtoni siku saba. Akayapanga, akayasugua, akaita wageni. Ngiri akaja, nyumbu wakaja, Bi Pimbi naye akaja na wanawe. Kiboko akaoga, akatoka majini kwa maringo, akakanyaga jiwe. Sereree... tii! Chubwi!

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kiboko akainua kichwa majini, akamwona Bi Pimbi, akanguruma chini chini, "Kesho nakuja kubeba kilima chako. Na choo chake."

Bi Pimbi akarukia mawe meusi, akarukaruka juu yake huku na huku. Nyayo za pimbi zinanata, hatelezi hata kidogo. Akapaza sauti, "Jamani, nioneeni huruma! Mkubwa ameteleza kwa ufundi vile, mimi najaribu, wapi! Miguu imenata kama ugali wa jana! Kumbe kuteleza ni kwa wakubwa tu!"

Ngiri akapiga makofi. Nyumbu wakadakia, "Rudia, Mkubwa! Rudia!"

Kiboko akasikiliza yale makofi. Akakitazama kilima. Akakohoa.

"Ndivyo nilivyopanga," akasema.

Sereree... tii! Chubwi! "Tena!" Sereree... tii! Chubwi! Akateleza mpaka manyoya yote yakamtoka, na kilimani hakurudi tena.

Njiani kurudi nyumbani, mtoto mdogo akauliza, "Mama, kweli sisi ni wanyonge hivyo?"

"Wanyonge kabisa, mwanangu. Na mtu akikuuliza kwa nini tunakaa kule kilimani, mwambie tumekosa mahali pengine."

Hadithi yangu imefika ukingoni, anayeitaka aipokee, asiyeitaka aitupe majini.

Na fundisho lake ni hili: usijidharau mbele za watu, utapoteza kila kitu. Halafu, ukichagua mawe, chagua yanayong'aa. Mimi bwawa sina, nina bafu tu, lakini nilichagua yanayong'aa. Ndiyo maana nyote mmekaa, na mimi nawasimulia nimesimama.