Rozimari ya Nanzighe

"Mchungulia mzizi haonji jani." Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Eliaichi, baada ya kufunua chungu cha wali mara ya nne, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno ya jikoni. Mnaniuliza yametoka wapi. Basi kaeni, na wewe Eliaichi, kiache hicho chungu. Maneno haya yalizaliwa kwenye kopo la maziwa, huku huku kwetu milimani Upare, na aliyeyazaa alilia kwanza.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Nakiete. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Nanzighe. Mama na binti walikuwa chanda na pete. Walilima pamoja, walikula sahani moja, hata kuni walikwenda kuokota wakifuatana. Nanzighe alipotimiza miaka ishirini akapata kazi ya kuosha masufuria kwenye jiko la hoteli huko Moshi, akiwa na nia ya kuja kuwa mpishi. Nakiete alimfungia maharage na ndizi, akamsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi kwenye nyumba ambayo sasa ilikuwa kubwa mno kwake.

Hamu ya mtoto msiifanyie mzaha. Miezi mitatu haikwisha, Nakiete akawatuma wauza tangawizi waliokuwa wakiteremka mjini: "Mwambieni Nanzighe mama yake mgonjwa." Binti akaacha sufuria kwenye povu, akaja mbio, akamkuta mama yake anamenya ndizi huku anaimba. Alikaa siku mbili. Aliporudi Moshi, mwingine alikwisha kuwekwa mahali pake. Akaenda Arusha, akaanza upya. Mwaka haujaisha, ujumbe ule ule ukamfikia. Angefanyaje? Mama ni mama. Akaja, na kazi ya pili nayo ikaenda.

Safari hiyo hakugomba. Alitoa mfukoni mche mdogo uliofungwa kwenye gazeti lenye unyevu, majani yake membamba kama sindano, akaupanda mbele ya mlango wa jiko.

"Mama, hii ni rozimari," alisema. "Kule tunaitia kwenye nyama ya mbuzi na viazi. Ikifika kimo cha goti lako, nitakuja mwenyewe nikupikie. Lakini mpaka siku hiyo, nakuomba, usiniite. Na mimi nataka nishike mahali."

Nakiete akakubali, na Nanzighe akarudi mjini kuanza upya mara ya tatu. Tangu siku hiyo akawa anahesabu siku zake kwa ule mche.

Sasa, ninyi mmekulia kwenye mabomba. Zamani maji ya shamba tuliyapata kwa zamu kutoka kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji. Siku ya zamu yako unafungulia mfereji, na ukipendacho ndicho unachokinywesha kwanza. Nakiete akaiacha migomba yake na kiu, mfereji wote akauelekeza kwenye rozimari. Siku zisizo za zamu alibeba ndoo kichwani. Akaongeza na samadi mbichi. Kila asubuhi alisimama kando ya mche akaupima na goti lake. Wiki ya sita majani yakawa meusi, yakapukutika, na alipougusa ukalala wenyewe. Mizizi ilikuwa imeoza.

Alikaa pale pale kwenye matope, akalia. Mwanawe alimpa njia moja tu ya kumrudisha nyumbani, naye ameizamisha kwa mikono yake.

Alipojifuta machozi akaenda kwa mzee Senzota, aliyetunza bustani ya misheni miaka mingi na kustaafu na vichaka vyake nyuma ya nyumba. Akamweleza yote, hata ule uongo wa ugonjwa.

"Rozimari si mgomba," mzee akamwambia. "Inataka jua, inataka mahali pa mawemawe ambapo maji hayakai. Wewe umeipenda kama unavyopenda migomba. Haya, njoo uchague."

Alikuwa na aina mbili. Moja ilitambaa juu ya ukuta wa mawe, imejaa maua ya buluu, inapendeza macho. Nyingine ilisimama wima kama fagio, haina sura. Nakiete akanyoosha mkono kwenye yenye maua.

"Hiyo ni ya wageni kutazama," mzee akasema. "Ya kupikia haichaguliwi kwa macho. Sugua jani, ufumbe macho, unuse."

Akasugua jani la ile iliyosimama wima. Harufu ikampanda puani, nzito, na mara akamwona Nanzighe amechuchumaa mlangoni pa jiko, vidole vina udongo. Aliitikia kwa kichwa tu.

Senzota akamkatia vijiti sita, akapukutisha majani ya chini, akavichomeka kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kitako, ndani lina mchanga na changarawe. "Mwagilia mchanga ukikauka, basi. Baada ya wiki sita vitakuwa vimeshika."

Wiki sita! Kwa mtu mwenye hamu, hiyo ni miaka. Siku ya tatu, kabla hajanywa chai, Nakiete alichomoa kijiti kimoja taratibu kuona kama kimetoa mzizi. Hakijatoa. Akakirudisha. Kesho yake akachomoa viwili. Mwisho ikawa desturi, vyote sita, asubuhi na jioni. Vinne vikanyauka.

Mzee Senzota alipopita kumsalimu, akalitazama kopo.

"Mama Nanzighe, hivi vinakufa kwa nini?"

"Sijui, mzee. Maji nimepunguza kama ulivyosema."

"Na huo mchanga kwenye kucha zako?"

Nakiete akaficha mikono kwenye kanga. "Natazama tu kama vimeshika."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi." Kisha, kwa sauti ndogo, "Na jioni."

Mzee hakumcheka. "Mzizi ukianza ni mwembamba kuliko uzi wa buibui. Ukichomoa, unaukata. Ukirudisha, mti unaanza upya. Unajitahidi tena, unakuja tena unauchomoa. Haukatai kushika, mama. Haujaachwa ushike."

Nakiete aliyafikiria masufuria ya Moshi, akayafikiria ya Arusha. Machozi yakamtoka.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Kopo lenye vijiti viwili vilivyobaki akaliweka juu ya ukuta wa mawe wa ua wake. Kila asubuhi alipita hapo amefunga mikono nyuma, akijiambia kama mtu anayemkanya mtoto: "Mchungulia mzizi haonji jani." Majirani walimsikia wakacheka, ndivyo maneno yalivyotoka nje ya ua wake.

Kisha akashikwa na homa, na safari hii ilikuwa homa ya kweli, ya kutetemeka kitandani. Wauza tangawizi wakapita kuuliza kama ana salamu za mjini. Nanzighe angekuja siku ile ile, na Nakiete alijua hivyo. Alimtaka mwanawe kuliko dawa.

"Mwambieni mama yake mzima," akasema, akajifunika blanketi.

Alipopona, kijiti kimoja kilikuwa kimekufa. Kile kingine alikigusa kwa kidole, akakivuta kidogo tu, nacho kikakataa kutoka. Alikaa chini akacheka peke yake, kisha akakipanda penye mawemawe chini ya ukuta.

Miaka miwili na nusu ikapita. Mti ulipogusa goti, hakutuma neno. Alivunja tawi moja, akalifunga kwenye jani la mgomba, akawapa wauza tangawizi wampelekee Nanzighe.

Jumamosi iliyofuata Nanzighe akatokea kwenye njia, amenenepa kidogo, mkononi ana kisu chake mwenyewe cha upishi kilichofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mpishi sasa, na wasaidizi chini yake. Hakuingia ndani kwanza. Alikwenda ukutani, akavunja matawi, akainama akayanusa. Jioni jiko zima lilinukia, na mama na binti wakala sahani moja kama zamani.

Katikati ya chakula Nakiete akahisi swali likimpanda kooni. Utakaa siku ngapi? Alifungua mdomo. Aliutazama mfuko wa safari wa Nanzighe pale mlangoni, mdogo, haujafunguliwa. Akaufunga mdomo.

"Ulitaka kuuliza kitu, mama?"

"Mchungulia mzizi haonji jani," Nakiete akasema, akachukua kipande kingine cha nyama.