Katibu wa Herufi Moja

Haya, mliokaa na mliosimama, nitegeeni masikio. Leo sina sungura wala jini. Nina mama mmoja, herufi moja, na watu watatu wenye ujuzi, kila mtu na wake. Mashaka ni fundi wa nakshi. Patasi ikiingia mkononi mwake, ubao mkavu huota maua. Saumu huchora kwa kompyuta katika duka la kadi za harusi, na jicho lake haliachi kombo hata la unywele. Kibwana ni mwalimu wa hesabu, na vitabu huvipanga kwa LaTeX, programu ambayo wenyewe huitamka lateki: unaiandikia maneno ya amri, nayo inakupangia ukurasa. Mama ni Bi Mwanamkasi wa Tanga. Ni mjane, na mzigo wa hadithi hii ni wake.

Mumewe, Mwalimu Mwinyihatibu, alikuwa malenga. Binti yao mkubwa, Tunu, alipofariki kwa maradhi ya figo, baba alimtungia utenzi. Humo alimwomba Mungu aung'oe uchungu wa kumkosa:

Machungu yamo moyoni,
ng'oa ya Tunu, Manani.

Kitabu kikachapishwa. Lo! Ritifaa zote, vile vialama vya juu katika ng', zilikuwa zimepukutika. *Ng'oa* ikawa *ngoa*, na ngoa mnaijua wenyewe, ni wivu. Watu wakasoma: "Ngoa ya Tunu, Manani." Na kwa kuwa mumewe Tunu alikuwa amemwolea mke mwenza, mji mzima ukajipatia jibu. Kumbe kafa kwa wivu! Ikawa Bi Mwanamkasi akienda sokoni anasikia vicheko nyuma ya mafungu ya mchicha. Kumzika mwana ni msiba mmoja. Kusikia jina lake linatafunwa kila uchao ni msiba usio na tanga la kuanua.

Mwalimu akaapa: "Sichapishi tena mpaka sauti hii ya ng' ipate herufi yake moja, yenye nakshi, isiyo na ritifaa ya kudondoka." Akatunga ubeti wa mwisho, akaacha pengo:

Mwisho wa zangu taabu,
nimekifunga kitabu,
........ ndiye katibu,
herufi kaniletea.

"Hapo liingie jina la mtu mmoja," alimwambia mkewe akiwa kitandani, sauti imekwisha. "Yule atakayeileta herufi. Kitabu kisitoke bila jina hilo. Na usinitilie guni, mke wangu." Guni ni ubeti uliokosewa kanuni za utungaji, na Mwalimu aliliogopa kuliko mauti. Hakuiona herufi. Mauti yaliitangulia.

Aliyeanza kazi ni Mashaka. Alichukua penseli ya useremala akachora N yenye jani begani, na mguu wake wa mwisho akaushusha chini ya mstari, ukatawanyika mithili ya mzizi uliong'olewa na udongo wake. Alichora, akafuta, akachora, hata karatasi ikatoboka. "Bila mchoro wangu," alisema, "wenzangu wangefuata nini?" Kweli tupu. Lakini Mashaka huyo ndiye aliyekuwa mume wa Tunu. Mji ulipomsema marehemu, yeye alinyamaza kimya, maana uvumi ule ulimpa sifa ya mwanamume wa kugombewa.

Mchoro ukaenda kwa Saumu. Picha si herufi. Ukiipunguza huvurugika, ukiikuza hupasuka. Saumu aliufuata kila upindo kwa nukta na mistari, akaitia herufi ndani ya fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi za kompyuta. Mara ya kwanza mzizi ulipopunguzwa ulijaa wino, ukawa doa. Akaukondesha, akaupanua, mpaka ukapumua. "Bila mimi," alisema, "ingebaki pambo la ukutani." Naye kweli. Lakini Saumu ni mdogo wake Tunu, toka nitoke. Siku moja kwenye hina ya rafiki yake alicheka pamoja na wenziwe akasema, "Dada yangu kwa ngoa, alikuwa hajambo!" Uvumi ukapata shahidi wa damu.

Ikabaki kwa Kibwana. Herufi iliyomo ndani ya fonti haijui ikae wapi. Kibwana akaitungia amri fupi, \nga, akaieleza LaTeX kimo chake, na mzizi uning'inie kiasi gani usichome mstari wa chini. Alipoandika \ngaoa kwa mkupuo, programu ikagoma: amri ilikuwa imeshikana na herufi za jirani, nayo haikuitambua. Ikabidi aifunge kwa mabano, \nga{}oa, kila mahali, ubeti baada ya ubeti. "Bila amri yangu," alisema, "isingeingia hata katika neno moja." Kweli vilevile. Lakini Kibwana, mpwa wa Mwalimu, ndiye aliyechapa kitabu cha kwanza. Alihamisha maneno kutoka simu kwenda kompyuta, ritifaa zikapotea njiani, naye hakurudia kusoma.

Basi ikafika siku ya kuamua, kwa kuwa hitima ya Mwalimu ilikuwa kesho yake na kitabu kilitakiwa kigawiwe hapo. Kibwana alileta ukurasa wa majaribio. Bi Mwanamkasi aliupapasa kwa kidole, akasoma polepole ombi la mumewe kwa ajili ya Tunu, limesimama sawasawa. Akalia mpaka ushungi ukalowa.

"Sasa nambieni," akasema. "Niandike nani?"

"Mimi, mama," alisema Mashaka. "Mji uone kuwa nimemwomba radhi mke wangu."

"Radhi ungemwomba angali hai!" alifoka Saumu. "Mama, mimi ndiye niliyemponza. Jina langu likikaa pale, wajue niliongopa."

Kibwana alitazama mkeka. "Kosa lilitoka mkononi mwangu, mkaza mjomba. Nikikosa nafasi hii, nitabaki yule aliyemharibia mjomba kitabu."

Bi Mwanamkasi akahesabu mizani kwa vidole. Ma-sha-ka. Sa-u-mu. Ki-bwa-na. Yote yanakaa, wala hakuna hata moja lenye kutia guni. Utenzi haukumsaidia.

"Je, nikisema 'Watatu ndio katibu'? Mizani yatimia."

"Baba alitaka jina," alijibu Saumu. "Watatu si jina, mama."

Moyoni mama alitamani jina la pale liwe la mtu asiyewahi kumuumiza Tunu, na mtu huyo hakuwamo chumbani. Akifunga kinywa, kitabu hakitoki, na mji utaendelea kusoma kile cha zamani. Akitaja mmoja, wawili watatoka mlangoni pake bila kusamehewa, na hana wengine wa kumzika.

Simu ikalia. Ni mchapaji. "Bi mkubwa, mtambo unangoja. Kwenye pengo niandike nani?"

Watatu wote wakamkazia macho mdomoni.

Nami hapo ndipo ninapowaachia. Mmoja alichora, mmoja akaunda, mmoja akaamrisha, na kila mkono uliomsafisha Tunu ulikuwa umempaka tope kwanza. Simu ingekuwa sikioni mwako wewe, na mwanao yumo kaburini anangoja jina lake, ungetaja la nani?